Ukuta wa kuzuia kelele za barabara kuu: anzeni na masikio, ndipo mje kwenye ukuta

SWALI: Mhandisi, salaam. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa mtaa unaopakana na barabara kuu inayopanuliwa kuwa ya njia sita. Wasimamizi wa mradi wametuonyesha mchoro wa ukuta wa kuzuia kelele. Ni wa zege, una kimo cha mita 3, unaanzia nyumba ya kwanza na kuishia nyumba ya mwisho, na umeachwa wazi mita 20 pale barabara yetu ya kuingilia inapokutana na barabara kuu. Nyumba nyingi ni za chini, ila yapo majengo matatu yenye hadi ghorofa ya tatu. Baadhi yetu tunataka ukuta mnene zaidi, wengine wanasema miti inatosha, na majirani wa ng'ambo wanahofia kwamba ukuta wetu utawarudishia kelele. Tumepewa wiki sita za kutoa maoni. Tuombe nini?

JIBU: Salaam, Katibu. Nitakujibu kwa mapana, kwa sababu wiki sita hupita upesi na ukuta ukishasimama ni vigumu sana kuongezwa kimo. Kwa kifupi, ukuta huo utazisaidia nyumba za chini, lakini kwa mita 3 hautawafikia watu wa ghorofa ya pili na ya tatu wala hautazuia vizuri kelele za malori, na ule uwazi wa mita 20 utakula sehemu kubwa ya faida kwa nyumba zinazoutazama. Unene msiupiganie. Piganieni kimo, piganieni urefu, na piganieni kuzibwa kwa mianya.

Kosa ninaloliona mara nyingi, hata kwa wahandisi wenzangu, ni kuanza na ukuta. Mtu anachora mstari kandokando ya barabara, anaandika "mita 3", kisha anaanza kutafuta utasaidia kiasi gani. Inatakiwa kuanza na masikio: nani amelala wapi, dirisha lake liko kimo gani, na kati yake na tairi kuna nini. Ukuta unatokana na majibu hayo.

Ukuta wa kelele hufanya kazi kama kivuli. Aliye ndani ya kivuli hupata nafuu, aliye nje yake hapati kitu. Tofauti na kivuli cha jua ni kwamba kivuli cha sauti hakina ukingo mkali, maana sauti hupinda ikifika kileleni mwa ukuta na kushuka upande wa pili. Inapinda kiasi gani hutegemea urefu wa wimbi lake. Kelele za matairi ya magari yaendayo kasi zina nguvu zaidi karibu na herzi 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde), na wimbi lake ni kama sentimita 34. Hilo ukuta hulikata vizuri. Ngurumo ya injini ya lori kwenye herzi 100 ina wimbi la karibu mita 3.4, refu kuliko kimo cha ukuta wenu. Wimbi la namna hiyo huupanda ukuta kama maji yanavyopanda kizingiti. Ndiyo maana watu waliojengewa ukuta husema mlio mkali wa matairi umepungua ila mtetemo wa malori bado wanausikia. Husema kweli.

Sasa fanyeni jambo moja rahisi kabla ya kikao. Chukueni karatasi ya miraba, mchore barabara, ukuta na nyumba vikionekana kwa ubavu, kwa vipimo halisi. Wekeni nukta nusu mita juu ya lami. Hicho ndicho kimo cha chanzo cha kelele kilichotumika katika mbinu ya Uingereza ya mwaka 1988 ya kukokotoa kelele za barabara. Wekeni nukta nyingine mita 3.5 juu ya lami, kwa ajili ya bomba la moshi la lori ambalo bomba lake limepandishwa juu ya kichwa cha gari. Halafu wekeni masikio: mita 1.5 kwa aliye chini, 4.5 kwa ghorofa ya kwanza, 7.5 kwa ya pili na 10.5 kwa ya tatu. Vuteni uzi kutoka kila chanzo hadi kila sikio. Uzi ukipita juu ya ukuta bila kuugusa, huyo mtu hana kivuli, na hakuna aina ya zege itakayomsaidia. Uzi ukigonga ukuta, swali linalofuata ni unaugonga chini kiasi gani ya kilele.

Swali hilo lina jibu la hesabu. Mwaka 1968 mtafiti wa Japani, Maekawa, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba punguzo la kelele hufuata kitu kimoja: sauti imelazimika kuzunguka kiasi gani zaidi kwa sababu ya ukuta. Unapima njia ya kutoka chanzo hadi kilele, unajumlisha na ya kutoka kilele hadi sikio, kisha unatoa njia ya moja kwa moja. Tofauti hiyo, ambayo huwa ni sentimita tu, ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Nimewafanyia hesabu. Nimechukua njia ya magari iliyo mita 15 kutoka ukutani na nyumba iliyo mita 20 nyuma ya ukuta, kwa herzi 500. Kwa sikio la mtu wa nyumba ya chini na kelele za matairi, ukuta wa mita 3 unaipotosha sauti njia kwa sentimita 25 na kupunguza kama desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukuta wa mita 4 unaipotosha sentimita 54 na kupunguza kama 15. Hesabu hizi ni za gari moja. Kwa msururu mrefu wa magari toeni kama desibeli 3 kwenye punguzo hilo, kwa sababu kelele nyingine hufika kwa mshazari kutoka mbali. Kwa hiyo nyumba za chini ziko salama kiasi hata kwa mita 3.

Pandeni ghorofa ya kwanza sasa. Kwa ukuta wa mita 3, uzi wa tairi unapita kwenye ukuta kwa kimo cha mita 2.2, unagonga, lakini kwa juu juu, na punguzo ni kama desibeli 7. Uzi wa bomba la lori unapita kwa mita 3.9. Ukuta haupo kwake. Kwa ukuta wa mita 4, tairi linapungua desibeli 11 na bomba linaguswa kwa nywele, yaani kama 5. Ghorofa ya pili, kwa ukuta wa mita 3, hata tairi linaonekana wazi, kwa sababu uzi unapita kwa kimo cha mita 3.5. Kwa mita 4 unapata kama desibeli 6. Ghorofa ya tatu haipati kitu kwa mojawapo ya kuta hizi; uzi unapita kwa kimo cha karibu mita 4.8.

Mnaona, basi, mita moja tu ya nyongeza imefanya nini. Kwa nyumba za chini imeongeza desibeli 3 za matairi, na kwa bomba la lori punguzo limepanda kutoka kama 5 hadi karibu 10. Ghorofa ya pili imetoka kwenye sifuri na kuingia kwenye nafuu ya kweli. Hapo ndipo penye hoja yenu kubwa. Lakini ipelekeni mkijua gharama yake. Upepo unasukuma ukuta mzima, na nguvu ya kuupindua kwenye msingi huongezeka kwa mraba wa kimo. Kutoka mita 3 hadi 4, kwa upepo uleule, mzigo wa kupindua unakua karibu mara 1.8. Mhandisi wa mradi akisema kwamba misingi na nguzo zitabadilika, hajawakatalia. Anasema ukweli, na ni haki yenu kumwomba afanye hesabu hiyo.

Niseme kidogo kuhusu desibeli, maana kwenye vikao namba hizi huwachanganya watu. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Magari yakipungua nusu, kelele hushuka desibeli 3 tu, na hilo sikio la kawaida hulitambua kwa shida. Desibeli 5 hutambulika wazi. Desibeli 10 husikika kana kwamba kelele imepungua nusu, ingawa kwa hakika asilimia 90 ya nguvu ya sauti imeondolewa. Kwa hiyo anayewaahidi kwamba ukuta "utaondoa kelele" hasemi kitu cha kitaalamu. Punguzo la desibeli 5 ni rahisi, 10 linawezekana kwa usanifu mzuri, 15 ni kazi ngumu, na 20 kwa ukuta wa kawaida karibu halipatikani, hata kama hesabu ya karatasini inalionyesha.

Mkitaka vigezo vya kuweka mezani, vipo viwili vinavyofahamika sana. Kanuni za barabara kuu za shirikisho nchini Marekani huchukulia desibeli 67, wastani wa saa yenye kelele zaidi nje ya nyumba, kuwa kiwango ambacho kikikaribiwa lazima hatua zifikiriwe, na ukuta usioweza kupunguza angalau desibeli 5 huhesabiwa kuwa haufai kujengwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, ulioandaliwa kwa ajili ya Ulaya, ni mkali zaidi: kelele za barabara zisizidi 53 kwa wastani wa mchana, jioni na usiku, na zisizidi 45 usiku. Mimi huutilia maanani zaidi huo wa usiku. Mchana mtu hupambana na kelele akiwa macho; usiku mwili unazipokea bila ulinzi.

Jambo la pili la kuuliza ni ukuta umekaa wapi. Ukuta hufanya kazi vizuri ukiwa karibu na magari au karibu na masikio, na hufanya kazi vibaya zaidi ukiwa katikati. Katika hesabu yangu, ukuta uleule wa mita 4 ukisogezwa hadi mita 5 kutoka kwenye njia ya magari, huku nyumba ikibaki palepale, sauti inapotoshwa mita 1.19 badala ya 0.54, na mnapata kama desibeli 3 zaidi bila kuongeza hata tofali moja. Watu wa barabara watakuwa na sababu zao: gari likitoka barabarani lisigonge ukuta, dereva kwenye kona aone mbele, na pawepo nafasi ya gari lililoharibika kusimama. Sababu hizo ni za uhai wa watu, msizipinge. Ulizeni tu kama ukuta unaweza kukaa nyuma ya kizuizi cha usalama, au juu yake, badala ya kurudishwa hadi mpaka wa viwanja vyenu kwa sababu tu ardhi ya hapo ni rahisi kuijenga.

Na kama sehemu fulani ya barabara itapita juu, kwenye tuta au daraja, hapo ukuta mfupi kwenye ukingo wa barabara unaweza kuushinda ukuta mrefu uliosimama chini kwenye mpaka wenu. Uzi wenu utawaonyesha mara moja.

Nije kwenye urefu, ambao mchoro wenu umeukosea. Ukuta unaoishia pale nyumba ya mwisho inapoishia hauilindi nyumba hiyo ya mwisho. Kelele huingia kwa ubavu. Kanuni ya kazi inayotumika sana ni kwamba ukuta uendelee kupita nyumba ya mwisho kwa umbali wa mara nne ya nafasi iliyopo kati ya nyumba hiyo na ukuta. Nyumba ikiwa mita 20 nyuma ya ukuta, ukuta uendelee mita 80 zaidi, kila upande. Pasipo na nafasi, ukuta hukunjwa kuelekea ndani, mbali na barabara, ukaikumbatia nyumba ya mwisho.

Sababu ya ukali huu inaonekana mkisimama kwenye dirisha mkaitazama barabara. Kutoka kushoto hadi kulia mnaona nusu duara, nyuzi 180. Kila kipande cha nusu duara hiyo kinawaletea sehemu yake ya kelele. Robo ikiwa wazi, hata mkijenga ukuta unaogusa mawingu kwenye robo tatu zilizobaki, hamtavuka punguzo la desibeli 6. Nusu ikiwa wazi, mwisho ni 3. Sasa chukueni uwazi wenu wa mita 20 na nyumba inayoutazama kutoka mita 40. Uwazi huo unachukua kama nyuzi 28, yaani karibu asilimia 16 ya nusu duara. Nyumba hiyo haiwezi kupata zaidi ya desibeli 8, hata ukuta uwe wa kimo gani. Ikiwa mita 20 tu kutoka kwenye uwazi, nyuzi zinafika 53 na kikomo kinashuka hadi kama 5.

Barabara ya kuingilia mnaihitaji, najua. Ombeni kuta mbili zipishane pale kwenye uwazi: mmoja usogee nyuma, mwingine uendelee mbele yake, na gari lipite katikati kama linavyopita kwenye ujia. Sehemu ya kupishana iwe mara tatu hadi nne ya upana wa ujia, na nyuso za ndani ziwe za kufyonza sauti, la sivyo sauti itadundadunda humo hadi itokee upande wenu. Kwa uwazi wa mita 20 kupishana huko kunakuwa kurefu mno, kwa hiyo ulizeni kwanza kama mita 20 zinahitajika kweli. Kama haiwezekani kwa sababu dereva anayetoka hataona magari yanayokuja, basi ukuta ukunjwe kuingia ndani kandokando ya barabara yenu, pande zote mbili. Faida itakuwa ndogo kuliko ya kupishana, lakini inazifunika nyumba zilizo pembeni ya mlango.

Unene sasa. Ninaelewa kwa nini watu wanautaka. Ukuta mnene unaonekana kama unaofanya kazi. Lakini sauti ina njia mbili za kuwafikia: kupita juu na kupenya ndani. Ikiwa inayopenya ni pungufu kwa desibeli 10 kuliko inayopita juu, mchango wake haufiki hata nusu desibeli. Ili kufika hapo mnahitaji uzito wa kama kilo 20 kwa kila mita ya mraba, basi. Zege la sentimita 10 lina kama kilo 240. Mmeshavuka mara kumi na zaidi. Unene wa zege upo kwa ajili ya upepo, magari na miaka, na kila fedha inayoongezwa kwenye unene kwa ajili ya kelele ingenunua kimo. Hata mbao nzito zilizounganishwa vizuri, au paneli za akriliki zinazopitisha mwanga, zinatosha kwa kelele. Akriliki ninaipenda pale ukuta unapozitia nyumba giza, ila iwekwe mistari au alama zinazoonekana, maana ndege hawaioni na hujigonga wakafa.

Majirani wa ng'ambo wana hoja halali, na nawaomba mkae nao kabla ya kikao badala ya kugombana nao ndani ya kikao. Zege tupu huakisi karibu sauti yote. Kwa ukuta mmoja, nyongeza kwa upande wa pili haivuki desibeli 3 hata kinadharia, na mara nyingi huwa chini ya hapo, lakini mwangwi hubadilisha namna kelele inavyosikika na watu huichukia. Hali huwa mbaya kama na wao watajengewa ukuta siku za mbele. Sauti itanaswa kati ya kuta mbili na kudunda huku na huku hadi iruke juu, na kila ukuta unaharibu kazi ya mwenzake. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba umbali kati ya kuta ukiwa chini ya mara kumi ya kimo chake, hasara hufikia desibeli 3 au zaidi. Ukifika mara ishirini, hasara haihesabiki. Kwa kuta za mita 4, chini ya mita 40 ni eneo la hatari, na barabara ya njia sita pamoja na kingo zake iko hapohapo.

Dawa ni uso wa kufyonza kwa upande wa barabara: zege lenye matundu, zege lililochanganywa na vipande vya mbao, au paneli za bati lenye vitundu zilizojazwa sufi ya madini. Ombeni sifa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwa namba, kwamba uso ufyonze angalau asilimia 70 hadi 80 ya sauti inayoufikia, na ombeni matokeo ya maabara. Kupaka rangi nzito uso wenye matundu baadaye huziba matundu yale na kuua kazi yake yote. Nimeona mafundi wa matengenezo wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Kuhusu miti nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jibu halina utata. Mstari mmoja wa miti hauna punguzo linalopimika. Mnahitaji kichaka kizito chenye kina cha kama mita 30, kirefu na chenye majani hadi chini, ili mpate desibeli 5 hivi. Pandeni miti kwa sababu nyingine: ukuta ukifunikwa na mimea huvumilika kwa macho, hauvutii wachoraji wa kuta, na watu wasioiona barabara huudhika kidogo kuliko wanaoiona. Miti isiwe badala ya ukuta.

Lililo bora kuliko miti, na hata kuliko ukuta wa kimo kilekile, ni tuta la udongo. Tuta lenye nyasi huushinda ukuta kwa desibeli 1 hadi 3, halihitaji msingi wa zege, na mradi wa kupanua barabara huwa na udongo wa kuchimbwa unaotafutiwa pa kumwagwa. Tatizo lake ni ardhi. Tuta la mita 3 lenye mteremko wa moja kwa mbili linahitaji kitako cha mita 12, na zaidi kidogo kwa ajili ya kilele. Mkiwa na ukanda wazi mahali popote kandokando ya mtaa, ulizeni tuta la mita 2 lenye ukuta wa mita 2 juu yake. Kwa kelele ni mita 4, na kwa macho si ukuta wa gereza.

Nyumba zilizo mbali nazo zisiahidiwe mengi. Kabla ya ukuta, sauti inayosafiri chinichini juu ya nyasi na udongo laini hupotea njiani. Ukuta huiinua sauti juu, na ile faida ya ardhi laini inapungua. Tena, upepo ukivuma kutoka barabarani kuja kwenu, au usiku uliotulia hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti hupinda kuelekea ardhini na kuvuka ukuta. Walio ndani ya mita 60 za kwanza ndio wanufaika wakuu. Kupita mita mia moja hivi, nafuu inakuwa ndogo, na ni bora kamati iwaambie wanachama wake hivyo sasa.

Vipi kuhusu ghorofa ya tatu? Kwao ukuta si jibu, na nitawaomba msiwatumie kudai ukuta wa mita 7 ambao utawanyima jua wote walio chini. Kwao kuna mambo matatu. La kwanza ni lami. Lami yenye vinyweleo hupunguza kelele za matairi kwa desibeli 3 hadi 5 ikiwa mpya, na inamsaidia kila mtu, wa juu na wa chini, wa huku na wa ng'ambo. Vinyweleo huziba kwa vumbi na tope, kwa hiyo isafishwe na ibadilishwe kwa ratiba. La pili ni kasi: kushusha magari kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80 huondoa desibeli 2 hadi 3 za matairi, na malori yakizuiwa njia ya karibu na mtaa usiku mtasikia tofauti, kwa sababu lori moja kubwa lina kelele za magari madogo kumi au zaidi. La tatu ni madirisha yenyewe. Dirisha lililofunguliwa kidogo hupunguza kama desibeli 15, lililofungwa la kioo kimoja kama 25, na la vioo viwili vizito lenye fremu iliyozibwa vizuri hupita 30. Lakini dirisha linalofungwa linahitaji njia nyingine ya hewa, yenye kuzuia kelele nayo. Bila hiyo watu watalifungua usiku wa kwanza wa joto. Madai ya madirisha yasiyotaja hewa hayajakamilika.

Kuna mambo madogo ambayo mchoro unapaswa kuyaonyesha na mara nyingi hauyaonyeshi: milango ya dharura na ya matengenezo, matundu ya kupitishia mipira ya zimamoto, na maji ya mvua yatapita wapi. Kila kimoja kati ya hivyo ni tundu, na kila tundu linahitaji mfuniko.

Matundu yananirudisha kwenye kazi moja niliyoitwa kukagua miaka kadhaa iliyopita. Ukuta ulikuwa wa mbao, mzuri, wa mita 4, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Wakazi walilalamika kwamba wakikaa bustanini wanasikia matairi kana kwamba yako miguuni pao. Niliweka kipima kelele kwenye kimo cha kichwa, nikaona namba zilizotarajiwa, au mbaya kidogo tu. Nikachuchumaa. Kati ya ubao wa chini na ardhi kulikuwa na nafasi ya vidole vinne, imeachwa makusudi ili mbao zisioze. Na kati ya ubao na ubao, jua lilikuwa limezikausha mbao zilizofungwa zikiwa mbichi, na nyufa nyembamba zilikuwa zimefunguka tangu juu hadi chini. Uwazi wa asilimia 1 tu ya uso wa ukuta unatosha kuhakikisha kwamba ukuta wenyewe hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, na aliyekaa mbele ya ufa husikia ufa, hasikii wastani. Ilibidi chini pawekwe mkanda wa zege na mbao zifungwe upya, safari hii zikilaliana. Kazi hiyo ingekuwa nyepesi sana kama ingeandikwa kwenye mchoro tangu mwanzo.

Kwa hiyo, katika barua yenu ombeni pia vipimo. Kelele zipimwe kabla ya ujenzi na baada ya ujenzi, mahali palepale, mchana na usiku, siku za kazi, barabara ikiwa kavu na bila upepo mkali. Idadi ya magari na malori ihesabiwe saa zilezile, na pawepo kituo kimoja cha kulinganisha mahali ambapo ukuta haufiki. Bila hicho kituo cha pembeni, magari yakiongezeka baada ya upanuzi mtaambiwa ukuta umeshindwa, au yakipungua mtaambiwa umefaulu, na hakuna atakayejua ukweli. Chagueni wenyewe vituo vya kupimia: kimoja kiwe nyumba ya mwisho, kimoja nyumba inayotazama mlango wa barabara yenu, kimoja dirisha la ghorofa ya pili. Bajeti ya kupima baada ya ujenzi na kurekebisha mianya iandikwe kabla mkandarasi hajalipwa fungu la mwisho.

Na kabla fungu hilo halijalipwa, subirini giza. Mmoja wenu asimame upande wa barabara, mahali salama na kwa ruhusa ya wasimamizi, akiwa na tochi yenye mwanga mkali, aisogeze taratibu kwenye kila kiungo, kila nguzo na chini kabisa ukuta unapokutana na ardhi. Mwingine atembee sambamba naye upande wa nyumba, akiwa na chaki mkononi, na kila anapoona mwanga aweke alama.